Behewa Jekundu la Teasley

Benchi la kijiwe cha Teasley, mji mdogo wa Alabama, lina mikono mitatu ya chuma katikati yake. Liliundwa hivyo makusudi, enzi zile stesheni ilipokuwa na vyumba viwili vya kusubiria, kimoja cha wazungu na kimoja cha weusi, ili mtu mweusi asije akajinyoosha akalala. Leo liko nje ya duka la kinyozi lililofungwa, upande wa kusini wa reli, hatua thelathini kutoka kwenye kivuko, pale barabara inapokatiza reli, na mikono hiyo inaligawa nafasi nne: ya Kondakta, ya Shemasi, ya Kikaango, na moja iliyobaki wazi tangu Aprili. Kahawa huletwa na Earline Stallworth kutoka nyumba ya mama yake, ng'ambo ya barabara. Jumanne hiyo aliileta akiwa na gauni la kanisani na viatu vya kisigino, faili kwapani, kwa sababu saa tano baraza la mji lilikuwa linakaa kupiga kura kama kivuko kifungwe moja kwa moja, na jina lake lilikuwa la tatu kwenye orodha ya wasemaji. Wazee watatu walikuwa wameahidi kwenda kusimama nyuma yake. Ukumbi wa baraza uko upande wa kaskazini. Na tangu saa tatu, treni ya mizigo yenye urefu wa maili mbili ilikuwa imesimama juu ya kivuko kama ng'ombe aliyelala njiani.

— Mia na kumi na nne, alisema Kondakta, kidole kikiwa bado hewani.

— Unahesabu nini, mzee, na treni imesimama? Earline aliuliza huku akimimina.

— Nilihesabu wakati inaingia. Nimeishia hapo. Ikiondoka ndiyo naendelea.

Watu wa Teasley huhesabu mabehewa. Ndivyo walivyolelewa: ukianza kuhesabu huondoki mpaka behewa jekundu la mkia lipite, lile walimokuwa wakikaa wafanyakazi wa treni, la sivyo mkosi utakufuata nyumbani. Shida ni kwamba treni zimeacha kuvuta behewa jekundu zaidi ya miaka thelathini sasa. Mkiani kuna kijitaa tu kinachopepesa. Kwa hiyo Kondakta, ambaye jina lake ni Lucius Tarrant, na ambaye hakuwahi kuwa kondakta hata siku moja bali aliwabebea makondakta mikoba miaka thelathini na mmoja, hajafunga hesabu tangu wakati huo. Earline alipokuwa mtoto aliliona jambo hilo zuri. Sasa ana miaka ishirini na sita, amekatiza masomo ya chuo kumuuguza mama yake, na kila akikiona kile kidole hewani anatamani kukikunja.

— Wakili, alisema Shemasi. Ndivyo wazee walivyomwita Earline tangu alipokuwa akishinda midahalo ya shule. — Hiyo hotuba yako unaianzia wapi?

— Naianzia Aprili. Gari la wagonjwa lilisimama ng'ambo ile dakika arobaini na moja, taa zinawaka, treni iko katikati, na mama yangu amelala sakafuni jikoni upande huu.

— Hapana, hapana. Shemasi Hosea Crenshaw alitikisa kichwa kilichopakwa mafuta kikang'aa. — Huwezi kuwaanzia watu na ugonjwa. Waanzie na historia. Wakijua Teasley ni mji wa namna gani, wataona haya wenyewe.

— Ni mji wa namna gani, Shemasi?

— Mji uliochaguliwa. Itazame reli. Inatoka mtoni maili arobaini imenyooka kama uzi, ikifika hapa inapinda. Unadhani inapinda bure?

Earline alijua kwa nini inapinda. Mwenye mashamba ya pamba alitaka ipite mlangoni pa ghala lake, akapata alichotaka. Imeandikwa kwenye makaratasi ya mahakama, naye aliyasoma. Lakini kijiwe hakikuwa na haja na makaratasi.

— Inapinda kwa ajili ya maji, alisema Kondakta. Injini ya kwanza iliishiwa maji papa hapa. Mkubwa wa reli akashuka kujisaidia vichakani, akasikia harufu ya mbavu za nguruwe zinachomwa. Akala sahani tatu. Alipomaliza akafuta mikono kwenye ramani. Ile alama ya mafuta ndiyo wapimaji waliyoifuata.

— Mafuta ya nguruwe, alisema Earline.

— Ya nguruwe.

— Na mchomaji alikuwa babu yako, bila shaka.

— Bibi. Babu hakujua kuchoma kitu.

— Msikilizeni huyu, alisema Shemasi. Reli ipindishwe na mbavu? Kulikuwa na mama mmoja mkunga, ametoka utumwani juzi juzi. Wapimaji walipokuja na kamba zao akasimama mbele yao, akafungua mdomo, akaimba nyimbo za kanisani siku tatu. Siku ya nne wakahamisha kamba.

— Siku tatu bila tone la maji? aliuliza Kikaango.

— Neema, ndugu yangu.

— Mimi ningehamisha kamba siku ya kwanza, kama aliimba unavyoimba wewe.

Kikaango, kwa jina la ubatizo Cleophus Mims, kila Ijumaa hukaanga kambare wa kuchangia kanisa ambalo yeye mwenyewe haliingii. Ndiye mdogo wao. Ana miaka sabini na sita. Alinyoosha miguu, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

— Nyote mnadanganya, na mnadanganya vibaya. Reli haikuja Teasley. Teasley ndiyo iliyoifuata reli. Mji ulikuwa kule kwenye kijito. Wazungu waliposikia reli inapita huku, wakatia magogo chini ya nyumba, wakafunga nyumbu, wakavuta. Walivuta benki. Walivuta duka. Walivuta kanisa lao na mchungaji yumo ndani anahubiri, hawakuahirisha ibada.

— Na jela? aliuliza Shemasi.

— Jela waliisahau. Si ndiyo maana iko peke yake msituni mpaka leo? Na mfungwa walimsahau ndani.

— Mfungwa alikuwa jamaa yako, alisema Kondakta.

— Mjomba wake baba. Alisubiri wiki mbili waje kumchukua. Walipokawia akafungua mlango mwenyewe, akahamia Chicago.

Earline alitazama saa. Tano kasoro dakika ishirini. Alimpigia karani wa baraza. Karani alimwambia, kwa sauti tamu kama sharubati, kwamba majina yataitwa kwa mpangilio, asiyekuwapo anarukwa, na kwamba watamkumbuka kwenye maombi, mpenzi.

— Wamesemaje? aliuliza Shemasi.

— Wamesema wataniombea.

— Si kuna kile kivuko cha pili?

— Treni ni ya maili mbili, Shemasi. Kichwa chake ndicho kilichoziba cha pili. Cha tatu ni dakika hamsini kwa gari. Ningeondoka saa tatu na nusu ningekuwa nimefika, nimekaa, nimekunywa na maji. Nani aliniambia nisiondoke?

Kondakta alikitazama kikombe chake.

— Nilisema nusu saa, hata ikizidi.

— Ulisema unazijua treni za mizigo kama watoto wako.

— Watoto wangu nao siku hizi hawajulikani saa wanayoondoka.

Kikaango alicheka. Earline hakucheka. Alikuwa akiwaza jinsi watu watatu wenye jumla ya miaka mia mbili na zaidi wanavyoweza kukaa mbele ya ukuta wa chuma unaowatenga na hospitali, zimamoto, shule na sanduku la kura, wakausimulia kana kwamba ni mtoto wao aliyefaulu mtihani.

— Waambie hao wa baraza na habari ya Warusi, alisema Shemasi.

— Warusi wamefanya nini tena?

— Wakati ule wa mabomu, Warusi walikuwa na ramani. Alabama nzima walikuwa wametia alama miji miwili tu. Mmoja ulikuwa Teasley. Kwa ajili ya reli.

— Nani aliiona hiyo ramani?

— Binamu yangu alikuwa jeshini.

— Alikuwa mpishi jeshini, alisema Kondakta.

— Mpishi husikia mengi kuliko jenerali.

— Bomu lenyewe lingefika hapa likasubiri treni ipite, alisema Earline.

Kondakta aliinua uso, akatazama yale mabehewa yaliyochafuka kwa vumbi la makaa.

— Lakini behewa lenyewe, alisema polepole, si baya.

— Behewa gani?

— Hilo jekundu. Hilo ambalo kampuni ya reli itaupa mji kama kivuko kikifungwa. Nasikia wataliweka kando ya stesheni. Limepakwa rangi. Lina ngazi na kibaraza kwa nyuma. Nasema tu.

Earline aliliweka birika chini.

— Mzee Lucius. Wanafunga barabara yetu ya karibu ya kutokea huku, na wewe unafikiria kibaraza.

— Nasema tu, mwanangu. Mtu angeweza kufunga hesabu.

Alisema hivyo kwa unyonge ambao Earline hakuutarajia, na hilo likamkasirisha zaidi. Hasira yake ilikuwa haijapata maneno wakati gari la mikate, lililokuwa limekwama kwenye foleni, lilipofunguliwa mlango akashuka dereva, kijana mnene mwenye kofia, mgeni kabisa wa mji. Aliwasalimu wazee kwa kugusa kofia, akaomba kahawa, akakaa kwenye ile nafasi ya nne.

— Hapo pana mwenyewe, alisema Kikaango.

— Yuko wapi?

— Pale. Kikaango alionyesha kwa kidevu dirisha la nyumba ya ng'ambo, ambako mwanamke mmoja alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, mkono wake wa kulia umelala pajani kama kitu alichopewa akishikie. — Ni mama yake huyu. Aprili ilimwangusha, kiharusi. Lakini kaa tu. Hatakufukuza.

Dereva alikaa nusu. Alikunywa, akaitazama treni kushoto mpaka upeo, akaitazama kulia.

— Huwa inasimama hivi?

— Mara tatu kwa wiki, alisema Shemasi, kwa namna fulani ya fahari. Huu ni mji wa reli.

— Na daraja je?

— Daraja gani?

— La kupita juu. Kila mji ninaopita wenye treni ndefu namna hii una daraja la magari juu ya reli. Nyie mbona hamna?

Kondakta alichungulia kikombe kilichokuwa kitupu. Shemasi aligundua kamba ya kiatu chake. Kikaango alipata kitu jichoni.

— Mjibuni mgeni, alisema Earline. Mnayo historia ya mafuta ya nguruwe. Mnajua mfungwa alihamia wapi. Hii ni ya miaka ishirini na miwili tu.

Earline alifungua faili.

— Basi nitajibu mimi. Jimbo lilileta mchoro wa daraja. Lilikuwa tayari kujenga. Ila nguzo moja ilitakiwa ikae pale ilipo stesheni, stesheni ibomolewe. Mabibi wa kizungu wa chama cha kuhifadhi mambo ya kale wakaja huku kusini, kwa mara ya kwanza maishani mwao, na mikate ya pichi na karatasi ya kutia saini. Wakasema, tusaidieni kuizuia stesheni isibomolewe. Na chumba chenu cha kusubiria tutakitunza, na benchi lenu ndani yake, na majina yenu kwenye shaba. Watu wakasaini. Jimbo likachukua daraja lake likapeleka mji mwingine.

— Na hicho chumba?

— Wanawekea mapambo ya Krismasi. Benchi walilitupa nyuma, karibu na mapipa ya taka. Kikaango akaliokota. Ndilo ulilokalia.

Dereva alilitazama benchi kati ya mapaja yake.

— Kwa hiyo daraja lenu ni hili.

— Ndilo hilo. Usilizoee sana, lina mikono.

— Binti, alisema Shemasi, na sauti yake haikuwa ile ya kijiweni. Baba yangu aliondokea kwenye chumba kile kwenda vitani. Akarudishwa kwenye chumba kile kile, ndani ya sanduku, nina miaka sita. Ulitaka niseme kibomolewe?

Earline alimtazama. Hakuwa amewahi kusikia habari hiyo. Katika hadithi zote za miaka yote, za mkunga na wimbo na Warusi, hiyo moja hakuwahi kuisimulia.

— Nilitaka uisome karatasi, Shemasi, kabla hujaisaini, alisema. Hilo tu. Mwenyekiti wa baraza anayo nakala yake. Leo nikisema hatuna njia, ataiinua juu aseme, nyie wenyewe mlikataa. Nami nitakuwa nimesimama pale peke yangu kama mjinga. Ndiyo maana nilitaka muwe nyuma yangu, mseme kwa vinywa vyenu kwamba mlidanganywa. Sikutaka mnisindikize tu.

Alitoa karatasi, akasoma majina ya juu kabisa, waliokuwa wa kwanza kusaini.

— Lucius Tarrant. Hosea Crenshaw. Cleophus Mims.

Akaishusha karatasi.

— Na wa nne? aliuliza dereva.

Kikaango aligeuza macho kuelekea dirishani, kisha akayarudisha haraka. Dereva alimtazama Earline, akatazama nafasi aliyokalia, akainuka taratibu.

Wiki mbili zilizopita Earline alikuwa ameiweka karatasi ile mezani mbele ya mama yake. Mama aliitazama muda mrefu. Kisha, kwa mkono wa kushoto, akaigeuza ikalala kifudifudi, akasukuma kikombe chake aongezewe chai. Hawajaizungumza tena.

Saa tano kasoro dakika mbili. Earline aliinama akavua viatu.

— Unafanya nini? aliuliza Kondakta.

— Naenda.

— Hiyo haipandwi, mwanangu. Inaweza kuondoka bila honi. Si wewe unayetupigia kelele kila siku kuhusu watoto wa shule wanaopita katikati ya mabehewa? Si umeweka na picha zao humo kwenye faili?

— Nimeziweka. Leo mtapata na yangu.

Alivuka ile njia ya kokoto, kila kokoto ikimkumbusha kwamba hana viatu. Alilitia faili kifuani mwa gauni. Alipofika kwenye ngazi ya behewa alisikia mtu anahema nyuma yake: Kikaango, kofia mkononi, goti moja bovu, amekuja naye. Alimshika kiwiko akamsukuma juu kama mtu anayepandisha gunia. Earline alikanyaga kile chuma kinachounga behewa na behewa, grisi ikampaka mpaka kwenye shavu la mguu, akashika ngazi ya upande wa pili.

Ndipo breki zilipopumua.

Aliruka. Hakujua ameangukiaje, alijua tu kwamba yuko kaskazini, viganja vimechubuka, na kishindo cha chuma kinakuja kutoka kichwani mwa treni, behewa likivuta behewa, mpaka kikampita. Magurudumu yakaanza kuzunguka. Katika kila mwanya alikiona kijiwe vipande vipande. Kikaango amebaki kwenye kokoto, mkono bado umeinuliwa. Shemasi amesimama. Dereva anakimbilia gari lake. Kwenye dirisha la ng'ambo, mama. Na Kondakta amekaa palepale, kidole hewani, midomo inacheza.

Mia na kumi na tano. Mia na kumi na sita.

Earline aliwapa kisogo.

Alipousukuma mlango wa ukumbi ilikuwa saa tano na dakika saba, na karani alikuwa anaita jina lake kwa mara ya pili, kwa utamu uleule. Watu waligeuka wakatazama miguu yake kwanza. Mwenyekiti alisubiri afike kwenye kipaza sauti. Mezani mbele yake kulikuwa na mchoro wa behewa jekundu, umepakwa rangi vizuri, na chini ya mchoro, imechomoza kidogo, karatasi ambayo Earline aliitambua.

— Binti Stallworth, una dakika tatu. Hapa imeandikwa unakuja na wenzako watatu. Wako wapi?

— Wanahesabu, alisema Earline.

Watu wawili watatu walicheka, wale wanaojua. Mwenyekiti alitabasamu, akapeleka mkono kwenye ile karatasi.

— Usijisumbue, Earline alimwambia. Ninayo. Nitawasomea mimi mwenyewe majina, halafu nitawaambia kila mmoja aliahidiwa nini na alipewa nini. Naanza na la nne.

Alitoa nakala yake kwenye faili lililokuwa kifuani. Ilikuwa imelowa jasho na ina alama ya grisi pembeni, lakini saini ilisomeka vizuri, herufi zimelala kulia, mwandiko wa mtu aliyefundisha watoto kuandika.

— Odessa Stallworth, alisoma. Alisaini kwa mkono wa kulia.